Zipu ya turubai la nyuma la Escudo: kumbukumbu ya mradi wangu

Jumapili

Gari ni Suzuki Escudo ya 1993, ile fupi, ambayo nyuma haina bati bali turubai. Hapa Unguja gari hizi zilikuwa nyingi kwa wakodishaji wa wageni, na yangu nahisi ilipitia huko kabla haijanifikia mimi, mkono wa tatu au wa nne. Turubai lenyewe si la kiwandani. Mwenye gari aliyenitangulia alilishonesha hapahapa mjini: turubai nene jeusi, na katikati pazia lenye plastiki inayoonesha. Pazia linafungwa kwa zipu mbili za wima, moja kila upande, na velkro chini. Ukitaka kupakia mzigo unapandisha zipu zote mbili, unalikunja pazia kama mkeka, unalifunga juu kwa kamba.

Zipu ya kushoto imegoma. Kichwa kinashuka vizuri mpaka chini, lakini nyuma yake meno yanaachia, kama vile mtu anafunga mlango na mwenzie anaufungua. Juzi ilipiga mvua ya ghafla nikitoka Darajani, mfuko wa unga wa ngano wa kilo 25 ukalowa upande mzima. Mama watoto hakusema kitu. Aliutazama mfuko, akanitazama mimi, akaingia ndani.

Fundi wa siti niliyempelekea aliangalia kwa sekunde tano tu akasema meno yameliwa, dawa yake turubai jipya. Kwa bei aliyonitajia ningenunua mbuzi wa Idi na chenji ikabaki. Nikarudi nalo nyumbani.

Jumapili, baada ya alasiri

Nimekaa nyuma ya gari na tochi ya simu na mswaki mkuukuu. Nimeusugua utepe wote, nikalipitia jino moja moja kutoka juu mpaka chini. Hakuna lililovunjika hata moja! Zipu hii ni ya nailoni, meno yake si meno hasa bali ni uzi mnene uliosokotwa kama springi na kushonewa kwenye utepe. Uzi huo mzima. Sasa nani mwongo?

Nikakitazama kichwa. Ukikishika kwa ubavu unaona kina bamba la juu na bamba la chini, na katikati njia yenye umbo la herufi Y. Mbele kuna midomo miwili, kila upande wa zipu unaingia kwa mdomo wake, na katikati ya midomo kuna kipande kinachoyatenganisha meno. Nyuma njia inakuwa moja, nyembamba, na hapo ndipo kingo za mabamba zinapoyakandamiza meno yashikane. Kazi yote ya kufunga inafanyika kwenye hizo milimita chache za nyuma. Kingo zikipanuka hata nusu milimita, meno yanapita humo yakiwa yamekaribiana lakini hayajaumana.

Cha kwangu kimepanuka, naona kwa macho. Tena kimeota ungaunga mweupe. Tunakaa Bububu, upepo wa bahari unatuingilia hadi kabatini, na vichwa vingi vya zipu ni vya aloi ya zinki, yaani zinki iliyochanganywa na metali nyingine. Chumvi na zinki hazipatani. Nailoni haina habari na chumvi, ndiyo maana meno yamebaki kama mapya na kichwa kimekuwa kizee.

Umbo hilo la Y ni la zamani kuliko nilivyodhani. Gideon Sundback, Mswidi aliyehamia Marekani, alipewa hataza, yaani haki ya mvumbuzi, ya zipu inayofanana na hizi zetu mwaka 1917. Tangu hapo watu wamebadilisha meno, wamebadilisha utepe, lakini kichwa kimebaki kilekile na ugonjwa wake uleule.

Jumatatu

Nimetumia plaizi. Unakibana kichwa sehemu ya nyuma tu, upande wa kushoto kidogo, wa kulia kidogo, unajaribu, unarudia. Usibane mbele, utaziba midomo. Mara ya tatu zipu ikafunga! Nimeifungua na kuifunga mara kumi mbele ya jirani yangu ambaye hakuwa ameuliza.

Jumatano

Kichwa kimekatika. Nilikuwa nakivuta asubuhi, tayari nimechelewa, nikasikia *tak*, bamba la juu likanibakia mkononi. Ndani palipovunjika ni pa kijivu, chengachenga kama sukari. Aloi ile haipindi mara nyingi, na iliyokwisha kuliwa na chumvi haipindi hata mara moja ya ziada. Plaizi ni ya kukufikisha nyumbani. Nilipaswa kununua kichwa siku ileile.

Nimefunga pazia kwa vibanio vya nguo. Gari linaonekana kama limeanikwa.

Alhamisi

Mjini, duka la vifaa vya cherehani. Nikamwambia muuzaji nataka kichwa cha zipu kubwa namba 10, kwa sababu nyuma ya kipande nilichobaki nacho imechorwa 10. Akanipa, nikalipa, nikaondoka nikijiona mjuzi. Nyumbani hakiingii. Kwa upana kinakaribia, lakini njia yake ya ndani ni pana na ya kina, utepe unachezacheza humo.

Nilikwenda nacho kwa fundi viatu anayekaa chini ya mwembe karibu na kituo cha daladala, mzee ambaye mikoba yote ya wanafunzi wa mtaa huu imepita mikononi mwake. Akakipindua mara moja.

"Kichwa hichi si cha zipu yako, mwanangu. Hichi cha zipu ya meno ya plastiki, yale makubwa ya kukata kata. Yako ya nailoni."

"Lakini namba ni ile ile, mzee."

"Namba ni ya upana. Hujaulizwa upana, umeulizwa kabila."

Hapo ndipo nilipoelewa. Namba ni takriban milimita za meno yakiwa yamefungwa: 5 ni ya mikoba na majaketi, 8 na 10 ni za mahema, maturubai na masanduku. Lakini kila aina, nailoni, plastiki ya kumiminwa au chuma, ina kichwa chake, na havibadilishani hata kama namba zinafanana. Nenda dukani na kipande cha zipu yenyewe, au angalau na kichwa cha zamani, ukijaribishe palepale mezani. Mimi nilikuwa nacho kile kilichovunjika mfukoni muda wote, na sikukitoa.

Mzee alinipa vitatu vya nailoni kutoka kwenye kopo la maziwa ya unga. Alikataa pesa ya viwili.

Ijumaa, baada ya swala

Kuvisha kichwa. Zipu yangu imeunganishwa juu na iko huru chini, kwa hiyo njia ni ya chini. Ncha za utepe zilikuwa zimekunjwa na kushonewa ndani, nikafumua sentimita tatu kila upande kwa wembe. Uzi ulipukutika mikononi kama majani makavu. Hilo nalo nililitia akilini.

Ncha zilikuwa na nyuzinyuzi, nikazipitishia moto wa kibiriti cha gesi zikaganda na kuwa ngumu. Kisha unaingiza ncha ya kushoto upande wa nyuma wa kichwa, ule mwembamba, itokee mdomo wa kushoto. Halafu ya kulia hivyohivyo. Kuandika ni rahisi. Ya pili ikiingia ya kwanza inatoka. Nilihangaika mpaka nikapata akili ya kukibana kichwa kwenye ubao kwa kucha za plaizi, nikabaki na mikono miwili ya kusukuma.

Kikaingia. Nikakipandisha, nikakishusha, zipu ikafunga, na pazia likakunjamana upande wote kama uso wa mtu aliyeonja ndimu. Kulikuwa na jino moja la ziada upande wa kulia. Sababu ni kwamba sikukifikisha kichwa mwisho kabisa wa juu kabla ya kukirudisha. Meno yakaanza kuumana katikati ya safari, pale yalipopishana. Nimekipandisha tena mpaka kikagonga mshono wa juu, nimeuvuta utepe ukakaa sawa, nikashusha. Laini. Nimeshona ncha za chini kwa muda, kichwa kisije kikachomoka.

Jumamosi

Leo nimeshinda na jambo nililolitia akilini jana. Uzi ulionishikia zipu kwenye turubai umekufa. Kona ya juu ukiivuta kwa vidole unaona mwanga kati ya utepe na turubai, tundu la vidole vinne. Jua limeula. Kwa maneno mengine, hata kichwa kingekuwa cha dhahabu maji yangepita palepale, na utepe uliolegea ulikuwa unakivuta kichwa ubavu kila ninapofunga. Huenda ndicho kilichokipanua.

Nilianza na mshipi wa kuvulia samaki, kwa sababu ulikuwepo ndani. Usifanye. Unateleza, fundo halikai, na ukiukaza unakata tundu la turubai kama waya. Nimefumua nilichoshona. Nikatumia uzi mnene wa polista, ule wa mafundi viatu, ambao unavumilia jua kuliko nailoni na hauozi kwa unyevu kama pamba.

Sindano zangu zote zilipinda. Mama yangu, ambaye alikuwa barazani anachambua mchicha, akaingia ndani na kurudi na shazia, ile anayoshonea mikeka. Ndefu, nene, ncha yake imeng'aa kwa miaka ya kupita kwenye ukili.

"Na uzi umeupaka nta?"

Sikuwa nimeupaka. Nimeuvuta juu ya kipande cha mshumaa mara tatu, ukawa mgumu kidogo na wa kunata, ukaacha kujisokota. Nikashona kwa kupita kwenye matundu yaleyale ya zamani, hatua moja mbele, nusu hatua nyuma. Matundu mapya yangeufanya ukingo uwe kama stempu, ungechanika wote kwa upepo wa kwanza. Sentimita 60 zimenichukua kutoka saa tatu asubuhi mpaka adhana ya adhuhuri, na kidole gumba cha kulia kina shimo.

Mama alikuja kukagua. Akapitisha kucha juu ya mshono, akasimama pale hatua zangu zilipokuwa ndefu, karibu na chini. "Hapa ulikuwa na njaa," akasema.

Kweli.

Jumamosi, saa nane mchana

Pazia halifiki. Turubai limekaa nusu wazi wiki nzima na limejivuta, velkro ya chini imebaki vidole viwili mbali na mwenzake. Sikulazimisha. Nimeligeuza gari nyuma yake itazame jua, nikala wali, nikarudi baada ya saa moja. Turubai lilikuwa moto na laini, likashuka lenyewe. Kichwa nimekipakia mshumaa, na meno pia, kidogo tu. Mafuta ya mashine hapana, yanakamata mchanga, na mchanga wa pwani ni msasa.

Kisha ndoo tatu za maji, mwanangu mdogo akiwa ndani ya gari na kazi ya kupiga kelele akiona tone. Ndoo ya kwanza kimya. Ya pili kimya. Ya tatu akapiga kelele, nikakimbia: maji yanaingia upande wa kulia, kwenye zipu iliyokuwa nzima, ile ambayo sikuigusa.

Nimekimulika kichwa chake. Ungaunga mweupe.

Vichwa viwili vya mzee viko kwenye droo ya mbele ya gari. Shazia imerudi kwa mwenyewe, ana mkeka wa kumaliza, kasema niiombe tena Jumatatu.