Ishirini na saba

Binti yangu alikuwa na miaka tisa likizo ile ndefu. Kitabu cha mazoezi walichopewa shuleni, kilichotakiwa kumchukua wiki sita, alikimaliza siku ya tatu. Nikamnunulia cha darasa la mbele yake. Baada ya wiki nikakikuta chini ya godoro, kurasa nne tu zimejazwa. Nilipomuuliza akasema, "Mama, ni yaleyale, namba tu ndizo kubwa."

Kuanzia hapo ikawa kugombana na mdogo wake juu ya kila kitu, kulala mchana, kuamka amenuna. Watu walinituliza kwamba mtoto mwenye kipaji hana haja ya kusaidiwa, atajitafutia la kufanya. Mimi nilikuwa naye ndani siku nzima, nikimwona anavyonyong'onyea, na sikukubaliana nao. Mpaka leo sikubaliani.

Jioni moja nikamwandikia kanuni mbili kwenye karatasi. Chukua namba yoyote: ikiwa shufwa, igawe kwa mbili, ikiwa witiri, izidishe kwa tatu kisha ongeza moja. Endelea hivyo mpaka ufike 1.

Akaanza na 7. Akapata 22, 11, 34, 17, 52, akaendelea, na hatua ya 16 akafika 1. Namba 26 ikamchukua hatua 10, na 28 hatua 18.

"Inafika kila mara? Jibu liko ukurasa gani?"

"Hakuna ukurasa, mwanangu. Hakuna ajuaye."

Nikamweleza kwamba fumbo hili hutajwa kwa jina la Mjerumani Lothar Collatz, aliyeliibua mwaka 1937. Kwamba kompyuta zimeshajaribu mabilioni kwa mabilioni ya namba na zote zikateremka hadi 1, lakini hajapatikana wa kuthibitisha kuwa ni lazima iwe hivyo.

"Hata mwalimu hajui?"

"Hata mwalimu."

Alinyamaza, akavuta karatasi karibu. Nikamwambia ajaribu ile aliyoiruka, 27.

Haikupita muda akarudi: hatua 23. Mimi nilikuwa najua ni 111. Nikapitia mistari yake kwa kidole hadi hatua ya tisa, ambapo nusu ya 142 alikuwa ameandika 70. Nilipomwonyesha, alilia. Hakulia kwa hasira. Alilia kama mtu aliyepotea njia. Ndipo nilipotambua kwamba katika miaka yake yote ya shule alikuwa hajawahi kukosea jambo alilolijali. Nilitamani sana kumfutia machozi na kumwandikia ile 71 mwenyewe. Nikajizuia, nikakaa kando yake tu.

Asubuhi nikamkuta sakafuni. Alikuwa amegundisha karatasi kwa gundi, moja chini ya nyingine, na kila hatua alikuwa akiihakiki kwa kurudi nyuma kabla ya kuandika inayofuata. Utaratibu huo hakuna aliyemfundisha. Mdogo wake alikuwa amepewa kazi ya kuhesabu hatua kwa sauti. Namba zikapita mia tano, zikashuka, zikapanda tena hadi elfu.

"Mama, hii haitarudi!"

Ilipofika 9,232 alisimama kabisa, mikono kichwani. Kisha ikaanza kuporomoka, ikapanda kidogo, ikaporomoka tena, na mdogo wake akapaza sauti: mia moja na kumi na moja.

Nilidhani amemaliza. Nikaingia ndani kuendelea na shughuli zangu. Nusu saa baadaye akanifuata mlangoni na karatasi mpya.

"Badala ya kuongeza moja, nimetoa moja. Nimeanza na 5. Nimepata 14, halafu 7, 20, 10." Akanyanyua macho. "Halafu 5 tena. Inazunguka, Mama. Hii haifiki 1 milele. Kwa nini ile nyingine inafika?"

Nikavuta kiti, nikamwomba penseli ya pili.