Mtega mafuko wa Kakuyuni

Juzi binti yangu alikuta rundo la udongo mbichi katikati ya muhogo, akaniuliza nani kachimba. Fuko, nikamwambia. "Tutamtoaje?" Hapo nikamkumbuka yule mzee aliyekuja kwa bibi, Kakuyuni, mwaka uliofuata mvua za El Niño za 1997.

Muhogo wa bibi ulikuwa ukinyauka shina moja baada ya jingine. Ukilivuta, linakuja jepesi. Mizizi yote imeguguniwa chini kwa chini. Mzee akaitwa. Malipo yalikuwa kwa kila fuko, na ushahidi ni mkia.

Hakuanza kuchimba. Alipita akibonyeza ardhi kwa kisigino, polepole, mpaka ikatitia kidogo. "Usikanyage hapo, mjukuu wangu. Anasikia miguu." Akapasua njia kwa jembe dogo, akasugua viganja kwa udongo uleule ili asiache harufu ya mtu, akatia kitanzi cha waya wa breki ya baiskeli ndani ya tundu. Kisha akaufunga ule waya kwenye ufito wa mkole, akaukunja, akaushikiza kwa uzi wa katani uliokatiza njia. Ule uzi ndio mtego wenyewe: fuko hapendi nyumba yake iingie hewa, kwa hiyo atakuja kuziba, na akiukuta uzi umemzuia ataukata kwa meno.

Tukachutama mbali kidogo. Kimya kirefu. Halafu nikaona udongo unasukumwa kutoka ndani, unasita, unasukumwa tena. Alikuwa anafanya kazi, maskini, kama fundi anayekandika ukuta wake. Uzi ukakatika, ufito ukaruka juu.

Mzee alimtoa, akanionyesha yale meno marefu yaliyotokeza nje ya midomo, ambayo ndiyo jembe lake, na macho madogo mno. Alimshika kwa heshima; sina neno jingine. Waliobaki aliwamaliza siku zilizofuata, na bibi akavuna muhogo uliosalimika.

Nilifurahi, tena sana, maana ule muhogo ndio tuliokula. Lakini fuko yule hakunaswa kwa ulafi. Alinaswa akiziba ufa wa nyumba yake, jambo ambalo bibi alitufunza kulifanya kila kabla ya masika. Nimelifikiria hili miaka mingi, na bado sijui nimlaumu nani. Huenda hakuna wa kulaumiwa, maana bibi naye alikuwa na wajukuu wa kulisha.