Gari linalowaka Tanga na kugoma Lushoto

Mwezi wa saba Lushoto kuna baridi ya kweli. Unatoka Tanga mjini na dera jepesi, ukifika Mombo bado unajipepea, kisha zile kilomita 33 za kona zikiisha unaulizia sweta. Mji uko kama mita 1,400 juu ya bahari. Kwa mjomba ninakolala ni juu zaidi, kuelekea Magamba, na alfajiri vidole vinakufa ganzi.

Nina Hilux ya injini ya 3L, dizeli ya lita 2.8, yenye pampu ya zamani isiyo na kompyuta. Alikuwa nayo marehemu baba, sasa inalisha wanangu. Mara mbili kwa wiki napakia kabichi, karoti na hoho, nashusha soko la Mgandini, Tanga mjini.

Alfajiri moja, saa kumi na moja, nikageuza ufunguo. Taa ya plagi ikawaka, ikazima. Nikapiga stata: nyuuu… nyuuu… nyuu, kama mtu anayevuta ndoo kisimani na mikono imeshachoka. Kimya. Vijana wa jirani wakasukuma kwenye mteremko, nikatia gia ya pili, likashika kwa moshi mweupe uliofunika uzio wote. Nilifika Mgandini saa nne na nusu. Mama lishe wangu walikuwa wameshanunua kwingine.

Kesho yake, nyumbani Sahare, huko huko Tanga, niligusa ufunguo tu likaunguruma. Siku tatu hivyo hivyo. Nikapanda Lushoto, likagoma tena.

Fundi wa kwanza akasema plagi za kupashia zimekufa, nibadilishe zote nne. Nikabadilisha. Baridi ya kule ikanipokea na nyuuu ileile. Naomba tukae hapa kidogo, maana wenzangu wengi wa dizeli wanaachia pesa palepale nilipoachia mimi.

Dizeli haina cheche. Pistoni inaibana hewa zaidi ya mara 20, hewa inapata moto, nozeli inanyunyiza, mafuta yanaungua. Plagi zinapasha tu chumba kabla ya hapo, ili hewa isianzie kwenye ubaridi. Plagi zikifa, injini inazunguka kwa kasi yake ya kawaida ila haishiki, huku moshi mweupe wa dizeli isiyoungua ukitoka nyuma. Plagi haiwezi kuifanya stata iwe nzito. Stata ikizunguka kivivu, mtafute mchawi kwenye betri, kwenye waya, kwenye stata yenyewe au kwenye oili. Kinachochanganya ni kwamba uvivu huo nao unaleta moshi mweupe: hewa ikibanwa polepole, joto lake linanyonywa na kuta za silinda zilizopoa, nyingine inavuja kwenye ringi, na dizeli haipati moto wa kutosha. Ukiangalia moshi peke yake utalaumu plagi. Sikiliza stata kwanza.

Fundi wa pili akataka ninunue betri. Hapo nilikataa. Ilikuwa imelala usiku kucha na mita ilisoma volti 12.5; betri iliyobaki nusu inasoma kama 12.2. Nikaenda Ngamiani kwa mzee mmoja anayeshughulika na umeme wa magari tu.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba mwanangu. Umelipima wapi, hapa au huko huko?”

“Hapa Tanga.”

“Ugonjwa uko mlimani, unapima pwani?”

Alinipa mita yake, akanichorea kwenye boksi la sigara mahali pa kugusa. Akanionyesha na waya wa pampu wa kuchomoa, ule unaofungulia dizeli, ili injini izunguke bila kuwaka wakati napima. Sikuachia hata senti kama dhamana. Namwombea kila nikigusa boneti.

Safari iliyofuata niliamka kabla ya mjomba, kisha nikamwita ashike ufunguo. Stata ikizunguka, betri kwenye vichwa vyake ilisoma 10.6. Hiyo ni nzuri. Ingeshuka chini ya 9.6 ningeanza kuitilia shaka. Lakini pale kwenye stata kulifika volti 9 tu. Nyingine zimekwenda wapi? Nikaweka mguu mmoja wa mita kwenye kichwa chanya cha betri, mwingine kwenye bolti nene ya stata: 0.3, haina neno. Nikahamia upande wa athi, kichwa hasi na chuma cha injini: 1.3. Mzee alikuwa ameniandikia isizidi 0.2.

Sikuridhika na namba. Nikachukua waya wa kubustia, upande mmoja nikabana kwenye kichwa hasi, upande wa pili kwenye kulabu ya kunyanyulia injini. Nikarudisha ule wa pampu. “Mjomba, piga.” Stata ikaruka, injini ikashika kabla hajaachia ufunguo. Mjomba akatoa kichwa dirishani, “Mpwa wangu, umefanya nini?” Nilikuwa nimesimama kwenye umande natetemeka, machozi yananilenga.

Waya wa athi nilipoufungua, bolti yake kwenye injini ilikuwa imekaa juu ya kutu. Nilipochana plastiki, shaba ndani ilikuwa imegeuka ungaunga wa kijani, karibu urefu wa kiganja. Kwa nje mzima kabisa. Ile ni chumvi ya Sahare; upepo wa bahari unaingia mpaka jikoni kwangu, utashindwaje kuingia kwenye waya?

Ugonjwa ulizaliwa pwani, ila pwani ulikuwa umejificha. Kwenye joto oili ni nyepesi, stata inavuta umeme kidogo, na hewa inayobanwa tayari ina uvuguvugu. Mlimani oili inakuwa nzito kama uji uliopoa, stata inadai ampea nyingi zaidi, na kadiri ampea zinavyozidi ndivyo waya mbovu unavyokula volti. Ampea 200 zikipita kwenye ukinzani wa sehemu sita tu kati ya elfu za omu moja, yaani omu 0.006, volti 1.2 imepotea. Mita ya kawaida ukiiweka kwenye omu haioni kitu kidogo namna hiyo, utaambiwa waya ni mzima. Ndiyo maana lazima upime stata ikizunguka, na baridi ikiwepo.

Nikatengenezewa waya mpya, mnene kuliko wa kwanza, tukasugua chuma mpaka king'ae, tukapaka grisi juu baada ya kukaza. Oili pia nikabadilisha. Nilikuwa natumia SAE 40 kwa kuwa baba aliitumia, na kwa gari lisilotoka Tanga inatosha. Sasa naweka 15W-40, ile namba ya mbele ya W ikieleza inavyokuwa kwenye baridi. Injini ikishapata moto wake wa kawaida zote mbili ziko daraja moja.

Na jambo moja linaniumiza moyo: kule juu nimeona watu wakichovya kitambaa kwenye petroli na kukiweka kwenye mdomo wa hewa ili dizeli iwake. Jamani, msifanye. Plagi zikiwa na moto, mvuke ule unaweza kulipuka kabla pistoni haijafika juu, ukavunja ringi, au ukakuunguza uso. Sukumeni gari, au subirini jua.

Jumanne iliyopita nilipiga stata saa kumi na moja kasoro, ukungu haujaondoka. Mjomba alikuwa bado anapuliza kuni za chai. Alitoka na kikombe mkononi, mimi nimeshafika kwenye lango.