Teluriamu Kabla ya Iodini

Wengi wetu tuliosoma kemia sekondari tulikabidhiwa jedwali la elementi likiwa limekwisha kamilika, tukaamriwa kukariri elementi 20 za kwanza, na mambo yakaishia hapo. Hatukuambiwa kwamba Dmitri Mendeleev, aliyelipanga mjini St. Petersburg mwaka 1869, alifikia mpangilio ambao kwa sehemu ulikuwa sahihi kwa sababu isiyokuwa sahihi. Kwangu mimi, hilo ndilo jambo linalovutia kuliko yote katika historia ya jedwali hili.

Waliomtangulia hawakuwa wachache. Mwaka 1829 Mjerumani Johann Döbereiner alionyesha kwamba baadhi ya elementi hukaa tatu-tatu, kama vile klorini, bromini na iodini, ambapo uzito wa atomu wa ile ya katikati hukaribia wastani wa zile mbili za pembeni. Hata hivyo, wanakemia wa enzi hizo hawakuwa wamekubaliana juu ya uzito wenyewe, hadi mkutano wa Karlsruhe wa Septemba 1860, ambako Mwitalia Stanislao Cannizzaro alitetea njia madhubuti ya kuupata. Mendeleev, wakati huo kijana wa miaka 26, alikuwa miongoni mwa waliohudhuria. Mwingereza John Newlands naye aliwaeleza wanakemia wa London mwaka 1866 kwamba sifa hujirudia kila ifikapo elementi ya nane, akaambulia kuulizwa kama aliwahi kujaribu kuzipanga kwa alfabeti. Swali hilo lilikuwa la dharau, ingawa haki isemwe: Newlands alijaza kila nafasi, na penginepo alisongamanisha elementi mbili mahali pamoja.

Mendeleev, akiwa na elementi 63 tu zilizojulikana, alizipanga kwa kufuata uzito wa atomu, akathubutu kuacha nafasi wazi na kutabiri sifa za elementi ambazo zingekuja kuzijaza. Mwaka 1875 Mfaransa Lecoq de Boisbaudran aligundua galiamu katika madini ya zinki, akatangaza kwamba sentimita moja ya ujazo ya metali hiyo ina uzito wa gramu 4.7. Mendeleev, ambaye hakuwa ameiona wala kuigusa, alisisitiza kwamba kipimo kinapaswa kukaribia gramu 5.9, na kwamba bila shaka sampuli haikuwa safi. Mfaransa huyo aliisafisha, akapima upya, akapata 5.9. Skandiamu ilifuata mwaka 1879 na jemaniamu mwaka 1886, na kuanzia hapo wenye kubeza walipungua.

Ujasiri uo huo ulimponza kwenye teluriamu. Mizani ilionyesha kwamba atomu yake ni nzito kuliko ya iodini, na kwa kanuni yake mwenyewe ilipaswa kuja nyuma; lakini iodini kitabia ni ndugu wa klorini na bromini, asiyeweza kutenganishwa nao. Mendeleev alifuata tabia, akatanguliza teluriamu, kisha akashikilia kwamba waliopima ndio waliokosea: katika jedwali lake la mwaka 1871 aliiandikia 125 badala ya 128. Wanakemia walipima tena na tena, na teluriamu ikabaki nzito. Leo tunaandika 127.6 kwa teluriamu na 126.9 kwa iodini.

Jibu lilipatikana mwaka 1913, miaka sita baada ya Mendeleev kufariki. Henry Moseley, aliyekuwa Manchester kisha Oxford, alichunguza eksirei zitolewazo na elementi mbalimbali, akaona kwamba marudio yake, yaani idadi ya mawimbi kwa sekunde, hupanda kwa hatua zinazofuata namba kamili, yaani kiasi cha chaji iliyomo katika kiini cha atomu. Namba hiyo, wala si uzito, ndiyo inayopanga jedwali. Teluriamu ni 52, iodini ni 53, na kobalti, ambayo nayo ni nzito kidogo kuliko nikeli inayoifuata, ikapata uhalali wa nafasi yake. Moseley aliuawa vitani Gallipoli mwezi Agosti 1915, akiwa na umri wa miaka 27.

Namba zilisaidia pia kujua kwa hakika ni nafasi zipi zilizosalia wazi. Mojawapo ilikuwa ya 43, chini ya manganizi, ambayo Mendeleev naye aliiachia pengo. Ilijazwa mwaka 1937 na Carlo Perrier na Emilio Segrè mjini Palermo, waliopata teknetiamu katika kipande cha molibdenamu kilichopigwa miale ndani ya saiklotroni, mashine ya kuzipa kasi chembe ndogo za atomu, huko Berkeley, Marekani. Elementi hiyo haina hata aina moja ya atomu iliyo tulivu, na ndiyo maana wote walioisaka katika mawe kwa miongo kadhaa hawakuambulia kitu.