Mapacha wa alfajiri

Huku Mwakirunge, Mombasa, jua la Februari halina huruma. Saa nne asubuhi mabati yashachemka, na kuku wanahema midomo wazi, mabawa wameyatanua mbali na mwili. Mwaka jana joto la mchana mmoja liliniulia kuku watano, nikalia kweli. Sasa nimeezeka makuti juu ya mabati, na maji nayabadilisha mara tatu kwa siku, maana yakishika moto hawanywi ya kutosha.

Lakini la leo ni la mbuzi wangu mweupe. Miezi mitano ilishatimia tangu apandwe, na jana magharibi akaanza kuparapara chini kwa kwato, analala, anainuka. Bibi akamtazama tu, akaniambia, "Mjukuu wangu, leo hulali."

Kweli sikulala. Saa kumi alfajiri akazaa pacha. Wa kwanza alisimama mwenyewe. Wa pili alitoka kimya, puani kumejaa ute. Nikampangusa kwa kipande cha leso, nikamsugua mbavu, nikamsugua tena, mpaka akapiga chafya. Wallahi sijapata kufurahia chafya namna ile! Nikamkamulia dang'a, yale maziwa ya kwanza ya mama yake, mdomoni kidogo kidogo, ya manjano, nzito kama uji. Hiyo haingoji, ndiyo kinga yake ya mwanzo.

Sasa adhuhuri wamelala chini ya mwembe, mama yao anawaramba masikio. Nami naelekea kisimani, bado ndoo nne.