Samaki wa siku 256
Jana usiku nimemaliza fumbo la siku ya 6 la Advent of Code 2021 (mafumbo ya programu ya kila Desemba) kwa lugha ya programu ya Haskell: samaki watakuwa wangapi baada ya siku 80, kisha 256? Nimefurahi mno! Samaki huzaa kila siku 7, mtoto husubiri siku 2 zaidi mara ya kwanza. Kwa siku 80 niliorodhesha samaki mmoja mmoja, ikakubali. Kwa siku 256 kompyuta ikaishiwa memori, maana hata mfano wa samaki 5 tu unafika 26,984,457,539.

Nikaanza kuhesabu makundi kwa siku zilizobaki kabla ya kuzaa: namba 9, kuanzia kundi la 0 hadi la 8. Kila siku unazungusha orodha: kila kundi linashuka hatua moja, namba ya 0 inakwenda 8 kama watoto, na wazazi hao waliokuwa 0 unawajumlisha pia kwenye 6. Basi. Hakuna orodha inayobadilishwa njiani, kila siku inatoa orodha mpya. Iterate, amri ya Haskell inayorudia hatua ileile, inaahidi siku zisizo na mwisho, nami nachota ya 256. Jibu lilitoka papo hapo.