Chama chake kiko wapi?

Leo asubuhi nimesoma habari ya mwanasiasa anayetuhumiwa kula rushwa.

Nimeisoma mara mbili nikitafuta kitu kimoja tu: chama chake.

Kichwa cha habari, hakuna. Aya ya kwanza, hakuna. Umri wake upo, hata rangi ya suti aliyovaa mahakamani imetajwa.

Chama nimekikuta aya ya tisa, kimebanwa katikati ya koma mbili.

Imeniuma. Mwezi uliopita chombo hichohicho kiliandika kashfa ya mtu wa chama pinzani, na jina la chama lilitangulia hata jina lake mwenyewe. Kwenye kichwa cha habari, kwa herufi nene.

Marekani magazeti mengi huweka herufi moja baada ya jina: D kwa Democrat, R kwa Republican. Bob Menendez, seneta wa zamani aliyefungwa miaka 11 kwa rushwa, ni D. George Santos, aliyefukuzwa Baraza la Wawakilishi Desemba 2023, ni R. Na bado mashabiki wa pande zote mbili hulalamika kuwa herufi ya kwao ndiyo huonyeshwa mapema zaidi.

Tangu asubuhi swali moja haliniachi: yule wa mwezi uliopita angekuwa wa chama ninachokichukia, ningeona hata kwamba kimetajwa mapema? Nadhani ningepita tu.

Nyie wenzangu, mmeshawahi kusoma habari hadi chini mkitafuta chama? Mlikikuta aya ya ngapi? Niambieni hapa.